Anga la Kusini Halikuwa Tupu

Wasee, leo tuongee nyota. Juzi nilichukua kipande cha plaiwudi na patasi ndogo nikajaribu kuchonga anga la usiku. Kumbe usiku ndio rahisi. Ukipaka wino halafu ugandamize karatasi, mahali ulichonga panabaki peupe na mahali uliacha panakuwa peusi. Toboa kashimo, tayari una nyota.

Albrecht Dürer wa Nuremberg, Ujerumani, alienda njia ngumu. Mwaka 1515 alitoa ramani mbili za nyota kwa chapa ya mbao, moja ya kaskazini na moja ya kusini. Zinahesabiwa kuwa za kwanza kuchapishwa Ulaya. Johannes Stabius alipanga kazi, Conrad Heinfogel akaweka nyota mahali pake, Dürer akachora simba, ng'e na wengine. Anga lake ni jeupe, michoro ni mistari myeusi. Hiyo inamaanisha kila mstari ulibakizwa kwa kuondoa mbao pande zote mbili. Ukikosea mara moja, mstari umeenda.

Ramani ya kaskazini imejaa hadi pembeni, ambako kuna wataalamu wanne wa nyota. Mmoja ni al-Sufi, Mwajemi aliyeandika kitabu cha nyota mwaka 964. Mwingine ni Ptolemy wa Misri. Kwa hivyo hata wao walijua elimu hii haikuanzia Ulaya.

Sasa angalia ya kusini. Katikati kuna pengo kubwa. Hakuna kitu.

Sababu ni hii: orodha ya nyota ilitoka kwa Ptolemy, aliyeishi Alexandria karne ya 2. Nyota za kusini kabisa hazikuchomoza kwake, basi hakuziandika. Miaka zaidi ya 1,300 baadaye, asichokiona mtu mmoja bado kilikuwa pengo kwenye karatasi.

Lakini sisi ikweta inapita Nanyuki. Ukikaa hapo mwaka mzima, utaona karibu anga lote, kaskazini na kusini. Na mwaka 1498, miaka 17 kabla ya ramani hiyo, Vasco da Gama alifika Malindi akapewa rubani wa kumvusha hadi India. Watu wa pwani walikuwa wanasafiri kwa nyota. Wakulima nao walikuwa na kilimia, jina linalotoka kwa kulima. Ujuzi ulikuwepo, ni vile haukuwa kwa ubao wa Nuremberg.

Simlaumu Dürer. Aliacha wazi mahali hakujua, hakubuni nyota za uongo. Shida ni sisi tunaosoma pengo na kusema hapo hapakuwa na kitu.

Mimi niliacha chuo, na kuna watu wakiniangalia wanaona hilo pengo tu. Sawa. Ila pengo linakuambia mchoraji alisimama wapi.

Usiku stima ikipotea, toka nje uangalie kusini.