Kazi ya usiku na kansa
Shaba ya kwanza ilitoka katika tanuru ya Lubumbashi mwaka 1911, na tangu hapo baba zetu wengi walifanya kazi usiku. Mwaka 1958, huko Marekani, Aaron Lerner alitambua melatonini, homoni inayotolewa na tezi ndogo ya ubongoni wakati wa giza. Mwaka 1982 watafiti waliona kwamba wagonjwa wa aina moja ya kansa ya titi wana melatonini kidogo usiku. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa likasema kazi ya usiku yaelekea kuleta kansa. Ndugu mlinzi wa Ruashi, ukirudi asubuhi, ziba dirisha, ulale gizani. Mama, ukigusa uvimbe kwenye titi, usingoje, nenda upimwe.