Sauti za wazee wa Rufiji zilizohifadhiwa Mlimani

ANAYETAFUTA historia ya bonde la Rufiji, pamoja na Kibiti iliyomegwa kutoka wilaya hiyo, aghalabu huishia mbali na mto wenyewe: katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kwenye idara iitwayo East Africana.

Miongoni mwa hazina zake ni ripoti za mradi wa utafiti wa Maji Maji wa mwaka 1968. Wanafunzi wa historia walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa watoto au vijana vita vilipoanza, kisha ripoti zao zikakusanywa pamoja. Wazee hao wote wamekwisha kufariki. Lililosahauliwa kuulizwa wakati ule haliwezi kuulizwa tena.

Ni kutokana na masimulizi ya aina hiyo, hasa yale aliyoyakusanya mwanahistoria Gilbert Gwassa, kwamba habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zinafahamika kwa undani. Walisimulia wazee kuwa mwaka 1904 alizama katika maji na kutoka siku ya pili, nguo zake zikiwa kavu. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti, 1905, siku chache tu baada ya pamba kung'olewa Nandete, katika milima ya Matumbi.

Tofauti kati ya sauti hizo na majalada ya serikali si ndogo. Wajerumani walitaja vifo 75,000. Gwassa, aliyewasilisha tasnifu yake chuoni hapo mwaka 1973, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa.

Maktaba hiyo ina pia miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, iliyokusanywa pwani katika miaka ya 1960 chini ya usimamizi wa J. W. T. Allen. Orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Wasomaji wa maandishi hayo wanazidi kupungua, na hilo ni tatizo kubwa kuliko mchwa.

Kuhusu delta yenyewe, mizani haiko sawa. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamizwa humo tarehe 11 Julai, 1915, imeandikiwa vitabu vingi Ulaya. Wanavijiji waliokuwa wakiishi kando ya mikoko hiyo hawakuandikiwa sana. Afadhali kidogo ni kwa upande wa mafuriko: baada ya yale ya mwaka 1968 wananchi walihamishiwa nyanda za juu, na watafiti wa BRALUP, ofisi ya chuo iliyoanzishwa mwaka 1967, waliandika taarifa juu ya mashamba ya mpunga yaliyoachwa bondeni na juu ya mpango wa bwawa la Stiegler's Gorge.

Bwawa hilo, ambalo sasa huitwa la Julius Nyerere, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Aprili 2024 mafuriko yaliingia tena katika makazi ya Rufiji na Kibiti. Mlimani, jengo jipya la maktaba lililofunguliwa Novemba 2018 lina nafasi ya vitabu 800,000. Barua, hati za mashamba na vitabu vya dini vilivyomo katika masanduku ya familia za bondeni, hata hivyo, vinategemea tu urefu wa kichanja ndani ya nyumba.