Simu Ilisomea Wapi? Akili Mnemba na Jani la Muhogo

Msimu uliopita nilisimama katika shamba la mihogo wilayani Misungwi, si mbali na kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru. Afisa ugani kijana alielekeza simu yake kwenye jani lililokunjamana na kuingia mabaka ya njano. Baada ya muda mfupi simu ikaandika jina la ugonjwa: batobato. Mama mwenye shamba alitazama, kisha akanigeukia. "Mwalimu," akaniuliza, "hii simu ilisomea wapi?"

Nilicheka, lakini swali lile nilirudi nalo Mwanza. Maandiko mengi ya falsafa ya akili mnemba huuliza kama mashine inaweza kufikiri. Mama yule aliuliza jambo jingine: maarifa ya mashine yametoka kwa nani? Naamini swali lake lina uzito zaidi kwetu, na historia inamuunga mkono.

Tuanze na mwaka 1936. Mwaka huo mtafiti H. H. Storey, akiwa katika kituo cha Amani kwenye milima ya Usambara, aliueleza kisayansi ugonjwa wa michirizi ya kahawia katika mihogo. Mwaka uleule Mwingereza Alan Turing alieleza, kwa hisabati tupu, mashine ya kufikirika inayoweza kutekeleza hesabu yoyote ambayo hatua zake zinaandikika. Mwaka 1950 Turing akauliza iwapo mashine zinaweza kufikiri, na mwaka 1956 John McCarthy na wenzake wakakutana Dartmouth, Marekani, kuijadili taaluma mpya waliyokwisha kuipa jina.

Imani iliyotawala kwa miaka mingi baada ya hapo ilikuwa kwamba akili ni kanuni: andika kanuni zote, mashine itafuata. Ijaribu imani hiyo kwenye jani la muhogo. Batobato huleta umanjano, lakini upungufu wa rutuba nao huleta umanjano, utitiri huacha madoadoa, na jani lililozeeka hubadilika rangi lenyewe. Bwana shamba mzoefu hutofautisha hayo kwa kutupa jicho. Mwambie aandike kanuni zake zote, na kalamu itamkwama. Ujuzi wake ni mpana kuliko maelezo anayoweza kuyatoa.

Njia ya pili ilikuwa kuifundisha mashine kwa mifano. Frank Rosenblatt aliijaribu tangu miaka ya 1950, ikadharauliwa, ikafufuka, na kuanzia mwaka 2012 ikatamalaki katika kazi ya kutambua picha. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya mashine iliyofunzwa kwa picha 2,756 za majani ya mihogo, zilizopigwa katika mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo. Kutokana na juhudi hizo ilizaliwa programu ya simu iitwayo Nuru, inayofanya kazi hata pasipo intaneti. Ng'ambo ya ziwa letu, Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya utafiti wa mazao ya Uganda waliandaa picha 21,367. Nyingi zilipigwa na wakulima katika mashamba yao, na wataalamu wakazipa kila moja jina la ugonjwa.

Jibu la mama basi ni hili: simu ilisomea shambani, kwa macho ya watu.

Lakini tusijidanganye kwamba macho ya kila mtu yanatosha. Utafiti wa Nuru uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa programu hiyo ilipatia kwa asilimia 65, maafisa ugani kwa asilimia 40 hadi 58, na wakulima kwa asilimia 18 hadi 31. Ilipopewa majani sita ya mmea mmoja, ilifikia asilimia 74 hadi 88. Takwimu hizi zinauma, na hatuna sababu ya kuzificha.

Katika mkutano mmoja nilisikia hoja iliyojengwa juu ya takwimu za namna hii: kama simu inamshinda afisa ugani, kwa nini tuendelee kumwajiri? Hoja hiyo inasahau mambo matatu. Kwanza, jibu sahihi ambalo mashine ilipimwa nalo lilitolewa na binadamu. Pili, mashine hujua magonjwa iliyoonyeshwa tu. Likija jipya, italiita kwa jina la zamani. Batobato kali ilishuka kwetu kutoka Uganda miaka ya 1990, na michirizi ya kahawia, iliyozoeleka pwani, ikaibuka kandokando ya ziwa katika miaka ya 2000. Asipokuwepo mtu wa kuutambua ugeni, hakuna wa kuifundisha simu upya. Tatu, jina si tiba. Virusi vya mihogo havina dawa ya kupulizia: mmea mgonjwa hung'olewa, na pingili safi huletwa na mtu. Isitoshe, muhogo wenye michirizi ya kahawia waweza kuwa na majani ya kuridhisha huku mizizi, yaani chakula chenyewe, ikioza ardhini.

Taifa hili si geni katika kuipima mashine. Kompyuta ya kwanza, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Gharama zilipokua na matunda yasionekane, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku ile ilituchelewesha, na sitaki irudi. Hata hivyo, nyuma yake palikuwa na swali la haki: mashine hii inamtumikia nani, na nani atawajibika ikikosea? Tuliliacha swali pamoja na marufuku, na hapo ndipo tulipokosea.

Wapo wanaosema akili bandia, na wapo wanaosema akili unde. Neno hili la pili linanivutia, kwa kuwa wavuvi wetu wanajua kwamba mtumbwi hauundwi pasipo fundi wala mbao. Mtumishi wa umma anayetia saini mkataba wa programu kama hizi aulize mbao zimekatwa wapi: picha ni za mashamba ya nani, nani anazimiliki, na afisa ugani atabaki wapi.

Nitakaporudi Misungwi nitamwambia mama kuwa simu ilisomea kwenye mashamba kama lake. Najua ataniuliza ada ililipwa kwa nani. Ningependa kwenda na jibu.