Kompyuta ya Kazi Gani? Njombe na safari ya seva za hospitali

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Uamuzi huo ulitokana na machungu. Kompyuta ya kwanza, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye zikaja mashine kubwa zaidi za ICL, kutoka Uingereza, zikakabidhiwa hesabu za Serikali. Nguvu zilikuwa nazo, lakini wataalamu walikuwa wachache na wengi wao wageni. Hesabu zikavurugika, fedha zikapotea, kazi ikarudishwa kwenye mitambo ya zamani. Tangu katazo hilo, aliyetaka kuagiza kompyuta alilazimika kwanza kupata kibali na kueleza ni ya kazi gani.

Katazo lililegezwa katika miaka ya 1980. Swali lile lilistahili kubaki, na historia ya afya mkoani Njombe inaonyesha kwa nini.

Njombe ilipata hadhi ya mkoa mwaka 2012, ilipomegwa kutoka Iringa. Kabla ya hapo, kama kwingineko nchini, kumbukumbu za wagonjwa zilikaa kwenye madaftari ya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya ulioenezwa miaka ya 1990. Muuguzi alipiga mistari, akahesabu kwa vijiti, na mwisho wa mwezi akajumlisha. Daftari halikuhitaji umeme. Udhaifu wake ulikuwa kwamba swali moja dogo, kwa mfano ni wagonjwa wangapi hawakurudi kuchukua dawa, lilimaliza siku nzima ya kufunua kurasa.

Swali hilo likawa la uhai na kifo huduma za tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI zilipoanza nchini mwaka 2004. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa Njombe wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana maambukizi, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Kila mgonjwa wa kliniki ya tiba na matunzo, CTC kwa kifupi, alipewa kadi ya CTC1 aende nayo nyumbani, na kadi ya CTC2 ikabaki kituoni. Juu yake kuna namba yenye tarakimu 14: mbili za mkoa, mbili za wilaya, nne za kituo na sita za mgonjwa mwenyewe. Namba hiyo, iliyoandikwa kwa kalamu, tayari ilikuwa ufunguo wa kanzidata. Kilichobaki ni kupata mashine.

Vituo vikaanza kuingiza kadi hizo kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani, kwa programu iliyojengwa juu ya Access ya Microsoft. Faili moja la Access haliwezi kuzidi gigabaiti 2, na wengi wanaposikia hivyo hudhani tatizo litakuwa nafasi. Tupige hesabu. Kliniki yenye wagonjwa 3,000, kila mmoja akihudhuria mara sita kwa mwaka, ina mahudhurio 18,000. Hudhurio moja likichukua baiti 2,000, mwaka mzima ni megabaiti 36. Hata simu ya mkononi ina nafasi ya kutosha. Hatari ilikuwa kwingine: kompyuta moja, diski moja, umeme ukikatika katikati ya kuandika, na nakala ya akiba imekaa kwenye mashine ileile.

Wakati huo huo mkondo mwingine ulikuwa ukija. DHIS, mfumo wa taarifa za afya uliozaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na kukuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ulifikia toleo la pili linalofanya kazi kupitia intaneti. Mwaka 2011 Kenya iliusambaza nchi nzima. Badala ya kufunga seva kila wilaya, waliamua kutumia seva moja, wakakodi nafasi kwenye mashine iliyoko nje ya nchi, na wilaya zikaingia kwa modemu za mitandao ya simu. Tanzania nayo ikachukua njia ya seva ya kitaifa, na jumla za madaftari ya MTUHA zikaanza kuingizwa moja kwa moja.

Kwa seva ya namna hiyo, RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, ndiyo yenye thamani. Mwanzoni mwa mwezi ripoti humiminika kutoka kila halmashauri, huku viongozi wakifungua majedwali yaleyale. Mwaka 1987 Jim Gray na Franco Putzolu walitoa kanuni ya dakika tano: kwa bei za vifaa vya wakati ule, taarifa inayoguswa angalau mara moja kila dakika tano ni nafuu kuitunza kwenye RAM kuliko kuisoma upya kwenye diski. Bei zimebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini namna ya kufikiri imebaki: anza na taarifa zinazoguswa kila mara, ndipo uulize RAM kiasi gani.

Njia ya kati ya Njombe na seva za mbali hupita Makambako. Mji huu ulikua pale reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, inapokutana na barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea. Teknolojia nayo ikapita mlemle. Mkongo wa taifa wa mawasiliano uliifikia njia panda hiyo, na mwaka 2018 ikakamilika njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, kilomita 250, iliyojengwa kwa fedha za Sweden na Tanzania.

Hata hivyo hospitali haiwezi kumwambia mama mjamzito asubiri mpaka intaneti irudi. Ndiyo maana GoTHOMIS, mfumo wa Serikali wa kuendesha hospitali na vituo, ulitegemea seva iliyofungwa palepale kituoni: mapokezi, maabara, dawa na malipo vikiandika kwenye kanzidata moja kupitia waya wa ndani. Na hapo ndipo uchaguzi wa vifaa unapogusa watu.

Chukua tendo moja. Mhudumu wa maabara anabonyeza "hifadhi". Kanzidata haitakiwi kujibu "tayari" mpaka diski ithibitishe kwamba imeandika. Diski nyingi za bei rahisi huthibitisha mapema, ilhali taarifa bado iko kwenye kumbukumbu yake ya muda. Umeme ukikatika sekunde hiyo, jibu la kipimo limepotea na hakuna anayejua. Baadhi ya diski zilizotengenezwa kwa ajili ya seva hubeba akiba ndogo ya umeme inayotosha kumalizia kuandika. Zikiwa mbili zinazoandika kitu kilekile, wazo lililopewa jina la RAID na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988, moja ikifa kazi inaendelea.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Dar es Salaam chumba cha seva hutaka kiyoyozi usiku na mchana. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi hupunguza gharama hiyo, ila unyevu na vumbi la kiangazi humaliza mashine polepole. Chumba kikavu, chenye mlango unaofungwa, kina faida zaidi kuliko prosesa ya bei mbaya.

Kwa hiyo halmashauri inayopanga bajeti ya seva ipange kwa utaratibu huu: kwanza UPS, betri inayoishikilia mashine umeme ukikatika, na ulinzi wa umeme, pili diski mbili za seva zenye akiba hiyo ya umeme, tatu nakala ya akiba inayopelekwa jengo jingine, na inayojaribiwa kurejeshwa kila mwezi, nne RAM ya kutosha, mwisho kabisa kasi ya prosesa. Na kabla ya yote, mtu aliyeajiriwa na kufundishwa kuitunza. Wizara ya Fedha ya wakati ule ilinunua mashine kwanza, ikatafuta watu baadaye, na nchi nzima ikalipa. Wagonjwa wa Njombe wametukabidhi taarifa zao kwa miaka zaidi ya ishirini wakiamini zitatunzwa. Tuna deni la kuchagua kwa makini.