Hii Sindano ni ya Nani?

Wasee, mnadhani kujaza fomu za taka za hospitali ni kusumbuana tu? Turudi Marekani kidogo.

Kiangazi cha 1987 na 1988, bahari ilitapika sindano na chupa za damu kwenye fuo za New Jersey na New York. Watu wakaogopa ukimwi, fuo zikafungwa, biashara ikalala. Swali moja tu likasumbua kila mtu: hizi ni za nani? Hakukuwa na karatasi ya kujibu.

Novemba 1988 Rais Reagan akasaini sheria ya majaribio ya miaka 2. Kila mzigo ukapewa fomu yake: hospitali ilisaini, mbebaji alisaini, mwenye kuchoma alisaini na kurudisha nakala. Nakala isiporudi ndani ya siku 45, hospitali ilibidi iripoti serikalini. Rekodi ziliwekwa miaka 3.

Kenya nasi, kanuni za taka za 2006 zilidai mzigo uwe na hati ya kuufuatilia.

Kwa hivyo kijana anayeokota chupa jaani akidungwa, msimwambie ni bahati mbaya. Ulizeni hati iko wapi. Kuna mtu alipaswa kusaini.