Njia ya Pwani na Saratani ya Titi

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, safari ya kwenda pwani ilikuwa ya miguu na ya miezi. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe, na baadhi ya wake zao walifuatana nao. Miongoni mwa matajiri waliotengeneza misafara hiyo alikuwa Sewa Haji wa Bagamoyo. Mali yake ndiyo iliyojenga Dar es Salaam hospitali ya Waafrika na Wahindi, asili ya Muhimbili ya leo. Wajerumani nao, mwaka 1897, walimaliza hospitali ya Wazungu kule Ocean Road. Mwaka 1996 sheria ikaifanya Taasisi ya Saratani.

Basi njia ya wapagazi ikawa njia ya wagonjwa. Kwa miaka mingi, mama wa Tabora mwenye saratani ya titi hakuwa na mahali nchini pa kutibiwa kwa mionzi ila huko pwani. Reli iliifanya miezi kuwa siku chache, lakini kimya haikukipunguza. Uvimbe wa mwanzo aghalabu hauumi, na mwenye nao hujiuliza, “Niende hospitali nami siumwi?” Haya humzuia kufunua kifua, hofu ya kukatwa titi humfunga ulimi. Ndiyo sababu wengi hufika ugonjwa umekwisha kuenea, na kupona kumekuwa kugumu.

Uvimbe uliokaguliwa ungali mdogo hutibika kwa wepesi zaidi. Hatua ya kwanza ya safari hii ni ya nyumbani: mama kumwambia dada yake, au mumewe, kwamba amegusa uvimbe, na kesho yake kwenda zahanati.