Kitenzi "Lima" na Mipaka ya Neno "Kilimo"

Miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili vilivyo vikongwe kuliko Kiswahili chenyewe ni lima. Wataalamu waliolinganisha lugha za Kibantu, akiwamo Malcolm Guthrie ambaye kazi yake kuu ilichapishwa kati ya mwaka 1967 na 1971, wamekirudisha kwenye mzizi wa kale -dim-. Mkoani Singida mzizi huo ungali hai: Mnyiramba wa Iramba na Mgogo wa Manyoni husema kulima kama asemavyo Mswahili wa pwani. Mbali zaidi, Waganda na Wazulu wana lima, nao Wakikuyu na Washona wana rima.

Umbo limedumu, bali maana za nomino zake zimeachana. Omulimu kwa Kiganda, omulimo kwa Kihaya na umurimo kwa Kinyarwanda ni kazi ya namna yoyote, hata ile ya ofisini. Yaonekana kuwa kazi ya jembe ndiyo iliyohesabiwa mama wa kazi zote, hata jina lake likaenea. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kina neno kazi kwa maana hiyo pana. Kilimo na mkulima yamebaki shambani.

Si Wabantu peke yao waliopatwa na mabadiliko ya namna hii. Katika Kiingereza cha kabla ya mwaka 1066, tilian ilikuwa kujitahidi, au kupata kitu kwa jasho; baadaye till ikabanwa katika kulima ardhi. Ndugu yake wa Kijerumani, zielen, leo ni kulenga shabaha. Telen ya Kiholanzi ni kukuza mimea na kuzalisha mifugo pia. Basi asili moja yaweza kuzaa mipaka mingi, wala haifai kudhani kwamba mipaka ya neno katika lugha moja ndiyo ya lugha nyingine.

Hapo ndipo penye taabu ya mfasiri. Neno agriculture la Kiingereza mara nyingi hubeba mazao na mifugo pamoja, lakini kilimo, kwa asili ya kitenzi chake, hushika ardhi iliyopigwa jembe. Majina ya wizara yanashuhudia jambo hilo: kati ya mwaka 2015 na 2017 ilikuwapo Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, kwa kuwa neno la kwanza peke yake lisingetosha.

Katika Singida jambo hili si la kamusi tu. Pamoja na wakulima wanaishi humo Wataturu, wafugaji wenye lugha ya Kiniloti, na katika Mkalama Wahadzabe, ambao riziki yao ya jadi ni kuwinda na kukusanya matunda, mizizi na asali. Waraka wa Kiingereza ukikusudia mashamba na malisho, kisha tafsiri ikasema "ardhi ya kilimo" tu, malisho yamefutwa kwa kalamu, na mfugaji ausomaye hajioni ndani yake.

Kwa hiyo twapendekeza kilimo kitumike pale makusudio yanapokuwa mazao, na panapokusudiwa yote mawili isemwe "kilimo na ufugaji". Urefu wa maneno mawili ni gharama ndogo kuliko mgogoro wa mpaka kijijini.